Mlanguzi, Mfanyabiashara, Mwekezaji: Mabadiliko ya Uongozi na Tegemeo la Serikali Nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Hakuna serikali inayosimama peke yake. Iwe imechaguliwa kwa kura au imejiweka yenyewe, huwa na watu inaowaegemea, na watu hao hawabaki walewale daima. Aghalabu wataalamu wa siasa huwatambua kwa hesabu: idadi ya kura, mgawanyo wa majimbo, michango ya fedha. Kwa Tanzania ya kati ya mwaka 1965 na 1992 hesabu hizo hazitoshi. Katika mfumo wa chama kimoja mgombea urais alikuwa mmoja tu, na mpiga kura alitakiwa kuchagua baina ya Ndiyo na Hapana. Wingi wa Ndiyo haumwambii mtafiti serikali ilikuwa ikiegemea tabaka gani, wala ni lini ilipohamishia mgongo wake kwingine.

Lugha rasmi ya kisiasa yaweza kusaidia pale ambapo hesabu zimenyamaza. Serikali humpa jina zuri yule inayemhitaji, na jina baya yule isiyemhitaji. Jina la kundi moja la watu linapobadilika katika hotuba, magazeti na sheria, ilhali kazi ya watu hao ni ileile, hapana budi kuuliza ni nini kilichobadilika katika uhusiano wao na wenye madaraka. Mtu aliyenunua sukari mahali pamoja na kuiuza kwa faida mahali pengine aliitwa mlanguzi mwaka 1983. Miaka kumi baadaye, kwa kazi hiyohiyo, aliitwa mfanyabiashara, na kama mtaji wake ulikuwa mkubwa, mwekezaji.

Makala haya yanachunguza badiliko hilo kwa kuzingatia hasa makabidhiano ya urais ya tarehe 5 Novemba 1985, Julius Nyerere alipomwachia Ali Hassan Mwinyi nafasi hiyo. Inajengwa hoja kwamba badiliko la uongozi halikuwa chanzo cha kuhama kwa tegemeo la serikali, kwani dalili zake zilikwisha kuonekana kabla ya mwaka huo. Liliruhusu jambo jingine. Serikali iliyoishiwa na vitu vya kugawa iliweza sasa kugawa ruhusa, na ruhusa hiyo ingeweza tu kupokelewa kama zawadi ikiwa inatolewa na mtu mwingine, asiye yule aliyeizuia kwa jina la itikadi.

2.0 Alimaye na Afanyaye Kazi

Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwezi Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo. Wachambuzi wengi huanza na utaifishaji wa mabenki na viwanda uliofuata. Kwa mwanaisimu, sehemu yenye mvuto zaidi ni ile ya masharti ya uongozi, kwa kuwa hapo chama kilifanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na watunga kamusi: kilitoa fasili. Kiongozi alipaswa kuwa mkulima au mfanyakazi, asiyeshiriki katika jambo lolote la kibepari au la kikabaila. Yaliyokatazwa yalitajwa moja baada ya jingine: kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalimhusu pia mume au mke wa kiongozi.

Nomino zilizotumika zinastahili kutazamwa kwa makini. Zote ni nomino za mtendaji, zinazotokana na vitenzi. 'Mkulima' hata imehifadhi kiambishi ku- cha kitenzi-jina, jambo ambalo si la kawaida katika uundaji wa nomino za aina hii, kana kwamba kulima kwenyewe hakukutaka kuachwa nje ya mtu alimaye. 'Mnyonyaji' nayo inatokana na kitenzi. Hivyo jamii iligawanywa kwa vitenzi: yuko alimaye, yuko afanyaye kazi, na yuko anyonyaye. Mgawanyo huo ulikuwa mwepesi kufahamika hata kwa asiyepata kusoma kitabu chochote cha nadharia, na yamkini hii ni sababu mojawapo iliyoufanya ukubalike upesi.

Ni wapi basi alipowekwa mtu wa dukani? Kimaumbo, 'mfanyabiashara' ni ndugu wa 'mfanyakazi'. Yote mawili yana m-fanya-, na tofauti iko katika nomino inayofuata tu. Hata hivyo undugu huo wa kimofolojia haukutambuliwa kisiasa. Mfanyabiashara hakutajwa miongoni mwa wenye chama. Katika lugha ya mikutano alielekezwa zaidi upande wa tatu, na majina aliyopewa huko yalitolewa katika mwili na wadudu wake: kupe, mnyonya damu, mwenye mirija. Hayo hayakubaki maneno matupu. Mwaka 1971 sheria ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, ambayo mengi yalikuwa ya Watanzania wenye asili ya Asia, na mwaka 1976 ulifanyika mpango wa kuyafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya kijiji, mpango ambao ulisitishwa baada ya kuleta uhaba.

Wakulima na wafanyakazi walipewa vitu vinavyoonekana. Walijengewa shule na zahanati, wakachimbiwa visima, wakaandikishiwa watoto wao kwa wingi katika elimu ya msingi kwa wote iliyotekelezwa mwaka 1977. Wa mijini walipata mshahara wa kima cha chini uliolindwa, na unga wa sembe uliouzwa kwa bei iliyofidiwa na serikali. Lakini kutajwa hakukuwa sawa na kusikilizwa. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja tu tangu mwaka 1964, NUTA na baadaye JUWATA, nacho kilikuwa chini ya chama tawala. Vyama vikuu vya ushirika vya wakulima vilivunjwa mwaka 1976. Aliyeitwa nguzo ya nchi hakuwa na chombo chake mwenyewe cha kusema kwamba nguzo imechoka. Jambo hili halikuonekana kuwa na uzito mkubwa wakati ghala lilipokuwa na kitu.

3.0 Ghala Linapokuwa Tupu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ghala halikuwa na kitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha kuvunjika mwaka 1977, vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimegharimu fedha nyingi za kigeni, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na mazao ya kuuza nje yalikuwa yakipungua. Foleni za sukari, sabuni na khanga zilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku.

Serikali ilijibu kwanza kwa msamiati wa vita. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilitungwa sheria dhidi ya wahujumu uchumi na msako ukaendeshwa nchi nzima. 'Hujuma' ni neno la Kiarabu lenye maana ya shambulio. Kulihamisha kutoka uwanja wa mapigano hadi dukani kulimfanya mwenye kuficha mabati kuwa askari wa adui, na katika nchi iliyotoka vitani miaka minne tu kabla, sitiari hiyo haikuhitaji kufafanuliwa. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, ambayo kwayo watu wasio na ajira rasmi mijini walikamatwa kama wazururaji na kupelekwa mashambani. Muuza karanga barabarani hakuwa mkulima wala mfanyakazi. Katika fasili ya mwaka 1967 hakuwa na mahali, na sasa hata mjini akawa hana mahali.

Wakati huohuo chini kwa chini lugha ilikuwa ikitafuta njia nyingine. Mtumishi wa umma ambaye mshahara wake haukutosha nusu ya mwezi alianza kufuga kuku, kuoka maandazi au kushona nguo, na masharti ya uongozi yakimzuia kuwa na biashara, aliiita shughuli hiyo 'mradi'. Neno hilo lilikuwa limezoeleka katika mipango ya serikali: mradi wa maji, mradi wa barabara. Kuku hamsini nyuma ya nyumba wakaingia katika ukoo huo wa heshima. Haielekei kuwa kulikuwa na aliyedanganyika. Tasfida hiyo ilikuwa mapatano ya kimya baina ya mtumishi na mkubwa wake, ambaye naye alikuwa na mradi wake.

Mwaka 1984 serikali yenyewe ilianza kulegeza. Wenye fedha za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana walikozipata. Fidia ya sembe iliondolewa. Kiwango cha nafaka ambacho mtu aliweza kusafirisha bila kibali kilipandishwa kutoka kilo 30 hadi kilo 500, na mwaka 1987 vizuizi hivyo viliondolewa. Inafaa kusisitiza kuwa hatua za mwanzo zilichukuliwa Nyerere akiwa bado Rais. Hazikuitwa kwa jina lolote, wala hazikutajwa katika hotuba kama ushindi. Serikali ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa vitani na walanguzi haikuwa na neno la kuwapokea walanguzi haohao. Neno hilo lilimngoja mtu mwingine.

4.0 Ruksa

Ali Hassan Mwinyi hakuja Dar es Salaam mikono mitupu. Kuanzia Januari 1984, baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu, alikuwa Rais wa Zanzibar, na huko alilegeza masharti ya biashara. Maduka ya Unguja yalijaa bidhaa ambazo watu wa Bara walikuwa wakizipangia foleni. Sifa hiyo ilimtangulia. Lakini alirithi ofisi bila kurithi tegemeo. Nyerere alibaki kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990, na kwa miaka mitano viongozi wa chama mikoani na wilayani walikuwa na mkubwa mwingine wa kumtazama. Rais mpya ambaye chama hakiko mkononi mwake hulazimika kutafuta watu wake nje ya safu zilizokwisha kupangwa.

Kulikuwa na shida ya pili. Mwaka 1986 serikali yake ilianzisha mpango wa kufufua uchumi na kufikia mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi, ambayo mwanzoni mwa mwaka huo haikufika 20 kwa dola moja, ilipita 100 kabla ya mwongo huo kwisha. Aliyeumia zaidi ni mtu wa mshahara, yaani yule mfanyakazi aliyetajwa katika Azimio. Serikali ilikuwa ikiinyofoa nguzo yake ya kale kwa mkono wake yenyewe, na haikuwa na fedha za kumlipa yeyote ili awe nguzo mpya.

Kilichobaki ni ruhusa. Nguo za mitumba zilianza kuingia waziwazi. Mwenye basi dogo alibeba abiria, mwenye ghala akauza, mwenye kuku akasema ana kuku. Rais mwenyewe alipata kutangaza kwamba angepitisha fagio la chuma dhidi ya wazembe na wala rushwa, na magazeti yalilishika neno hilo kwa muda. Watu hawakulichagua. Jina walilompa, nalo likadumu hata baada ya kifo chake tarehe 29 Februari 2024, ni Mzee Ruksa.

Uteuzi huo wa wananchi una maana kubwa. 'Ruhusa' na 'ruksa' zote ni za asili moja ya Kiarabu, lakini matumizi yake ni tofauti. 'Ruhusa' huombwa, hungojwa, hupewa mtu fulani kwa jambo fulani. 'Ruksa' husemwa peke yake. Ni tamko kamili lisilo na kiima wala yambwa: halitaji nani ameruhusu, nani ameruhusiwa, wala mpaka wake uko wapi. Linganisha na neno lililotawala kipindi kilichopita, 'kibali'. Kibali kiko katika ngeli ya vitu, kinahesabika, kina muhuri, kinaweza kupotea, kunyimwa au kununuliwa. Aliyetegemea kibali alimtegemea ofisa fulani. Aliyesikia ruksa hakuwa na deni kwa ofisa, bali kwa yule mmoja aliyetamka.

Hapa ndipo tegemeo la serikali lilipohama. Uhusiano wa zamani ulikuwa wa mgawaji na mgawiwa: serikali huleta shule, zahanati, pembejeo, na mwananchi hujibu kwa utii na mahudhurio. Uhusiano mpya haukudai serikali ilete chochote. Mwananchi aliachwa ajitafutie, naye akashukuru kwa kuachwa. Hii ni shukrani ya ajabu kidogo mtu akiifikiria, maana kilichotolewa kilikuwa ni kuondolewa kwa zuio ambalo serikali hiyohiyo ya chama hichohicho ilikuwa imeliweka. Haikuwezekana kwa Nyerere kuitoa zawadi hiyo. Kwake yeye kulegeza kungesomwa kuwa ni kukiri kosa, au ni kushindwa. Kwa mrithi wake kulisomwa kuwa ni ukarimu. Msemo wa Mwinyi kwamba kila zama na kitabu chake ulitimiza kazi hiyo kwa upole: haukusema kitabu cha kwanza kilikosea, ulisema tu kwamba zama zake zimepita.

5.0 Kiongozi Naye Apewa Ruksa

Mwezi Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi ya mwaka 1967. Uamuzi huo umekuja kuitwa Azimio la Zanzibar. Kuanzia hapo mwanachama na kiongozi waliweza kuwa na hisa, kuwa wakurugenzi katika makampuni, kupata mishahara zaidi ya mmoja na kupangisha nyumba. Viongozi wa chama walieleza kwamba Azimio la Arusha halikufutwa, bali lilirekebishwa ili lilingane na wakati. Nyerere hakukubaliana na maelezo hayo na alilikosoa Azimio hilo hadharani.

Kisemantiki, maelezo kwamba hakuna kilichofutwa yana ukweli wa aina yake. Maneno 'wakulima na wafanyakazi' yaliendelea kutumika, na jembe na nyundo vilibaki katika bendera ya CCM. Kilichotokea ni kupanuka kwa maana hadi mpaka wake ukatoweka. Ikiwa mwenye kampuni naye hufanya kazi katika kampuni yake, basi ni mfanyakazi. Ikiwa mwenye ekari elfu moja ana wa kumlimia, bado ni mkulima. Istilahi ambayo haimwachi mtu yeyote nje haielezi tena tegemeo la serikali.

Yafaa kuona pia kwamba waliopewa ruksa mwaka 1991 hawakuwa watu wa nje. Wafanyabiashara hawakuivamia serikali. Wenye serikali waliruhusiwa kuwa wafanyabiashara. Wakati huohuo neno 'ndugu', ambalo lilikuwa limemwita Rais na tarishi kwa jina moja, lilianza kurudi nyuma na kuachia nafasi 'mheshimiwa', ambalo kabla ya hapo makao yake makuu yalikuwa bungeni. Ndugu hawezi kuwa tajiri mno kuliko ndugu zake bila kuulizwa. Mheshimiwa hakabiliwi na swali hilo.

Mtaani lugha ilitoa jibu lake. 'Vigogo' likashika kwa wakubwa wa mali na madaraka, na 'walalahoi' kwa wale ambao ruksa haikuwafikisha mbali. Katika miaka hiyohiyo likazuka suala la 'uzawa': ikiwa biashara sasa ni jambo jema, ni nani anayestahili kuifanya? Mwaka 1993 maneno ya chuki dhidi ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia yalisikika katika mikutano ya hadhara jijini Dar es Salaam na kuleta vurugu. Msamiati wa kitabaka ulipoondoka, ule wa rangi ulijitokeza kuchukua nafasi yake, na hilo ni gharama ya mabadiliko haya ambayo haitajwi mara kwa mara.

6.0 Kura na Fedha

Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa rasmi mwezi Julai 1992, na uchaguzi wa mwaka 1995 uliruhusu kwa mara ya kwanza kulinganisha maneno na hesabu. Benjamin Mkapa wa CCM alipata asilimia 61.8 ya kura za urais. Augustine Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu kabla ya kuhamia NCCR-Mageuzi mwaka huohuo, alipata asilimia 27.8. CCM ilipata viti 186 kati ya 232 vya majimbo, na nguvu yake kubwa ilikuwa vijijini. Yaani miaka kumi baada ya ruksa, aliyeiweka serikali madarakani alikuwa bado ni mkulima.

Tegemeo lilikuwa limegawanyika. Nguzo ya kura ilibaki shambani, nguzo ya fedha ilikuwa mjini, na serikali ya Mkapa ilipaswa kuzungumza na zote mbili. Kwa nguzo ya pili lilipatikana neno 'ubinafsishaji'. Uundaji wake ni wa kawaida kabisa: binafsi, kubinafsisha, ubinafsishaji. Taabu ni kwamba shina hilohilo lilikwisha kuzaa 'ubinafsi', mojawapo ya dhambi kubwa katika mafundisho ya Ujamaa. Mtu aliyefundishwa shuleni kwamba ubinafsi ni adui wa taifa alitakiwa sasa kuamini kwamba ubinafsishaji ni mkombozi wake, na silabi mbili za ziada zilibebeshwa kazi yote ya kuvitenga. Hazikuweza. Benki ya Taifa ya Biashara ilipogawanywa mwaka 1997 na sehemu yake kuuzwa kwa benki ya Afrika Kusini mwaka 2000, kulikuwa na wengi waliolisoma neno hilo kwa maana yake ya zamani.

Mahali ambapo nguzo hizi mbili zilikutana palipewa jina la Kiarabu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu 'takrima', yaani ukarimu wa kimila ambao mgombea humfanyia mpiga kura. Asili ya neno hilo ni kukirimu na kuheshimu. Chini yake fedha za mjini ziliweza kufika kijijini zikiwa zimevaa kanzu. Mahakama Kuu ilivitangua vifungu hivyo mwaka 2006.

7.0 Kurudi kwa Wanyonge

John Magufuli alichaguliwa mwaka 2015 kwa asilimia 58.46, kiwango cha chini kuliko alichokipata Mkapa mwaka 1995, mpinzani wake mkuu akiwa Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa chama hichohicho. Kama Mwinyi kabla yake, naye alirithi ofisi ambayo watu wake walikuwa wa mwingine. Sehemu ya vigogo wa chama walikuwa wamekwenda na mpinzani. Jibu lake lilikuwa kuutafuta msamiati ulioachwa. Neno 'unyonge' limo katika Azimio la Arusha, ambako linatajwa kuwa ndicho chanzo cha kuonewa, na wenye unyonge wanahimizwa kuuondoa kwa mapinduzi yao wenyewe. Katika hotuba za baada ya 2015 lilirudi likiwa 'wanyonge', nomino ya watu, na mara nyingi katika nafasi ya kumilikiwa: mtetezi wa wanyonge, Rais wa wanyonge. Tofauti ya kisarufi ni ndogo. Katika matumizi ya kwanza unyonge ni hali ya kutoka. Katika matumizi ya pili wanyonge ni kundi la kutetewa, na kundi likitoka katika unyonge mtetezi atakosa wa kumtetea.

Mtumishi wa umma, yule mrithi wa mfanyakazi wa 1967, alijikuta upande wa washukiwa. Maneno yaliyomzunguka yalikuwa 'wafanyakazi hewa' na 'vyeti feki', na mwaka 2017 karibu watumishi 10,000 waliondolewa kazini kwa sababu ya vyeti. Aliyeinuliwa alikuwa machinga. Mtu ambaye mwaka 1983 angekamatwa kama mzururaji alikuwa sasa na Rais wa kumkemea mgambo kwa niaba yake. Mwezi Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho kwa wajasiriamali wadogo ambao mauzo yao hayakufika shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kila kimoja kililipiwa shilingi 20,000, na mwenye nacho hakupaswa kusumbuliwa. Serikali, ambayo haikuwa na ajira ya kumpa kijana huyo, ilimpa ruksa yenye picha yake.

Magufuli alifariki mwezi Machi 2021 na Samia Suluhu Hassan akaapishwa tarehe 19 ya mwezi huo. Lugha ya serikali ikaelekea tena kwa wawekezaji na sekta binafsi, na mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kikapandishwa kwa asilimia 23.3. Kati ya hatua hizo mbili, katika miezi ya mwisho ya 2021, machinga waliondolewa kandokando ya barabara za miji mikubwa. Kitenzi kilichotumika rasmi hakikuwa 'kufukuza' wala 'kuondoa', bali 'kuwapanga'. Mtu hupanga vyombo kabatini au vitabu katika rafu, na kwa kupanga humaanisha kwamba vina mahali pake panapojulikana na mpangaji. Vibanda vilivyobomolewa vilikuwa vya watu ambao miaka mitatu kabla walikuwa wamelipia vitambulisho vyao, lakini kitambulisho kilikuwa cha mtu, si cha mahali, na aliyekitoa hakuwapo tena.